Majeruhi wa Zamu

Nimemjua Bwana Dresa zaidi ya miaka arobaini, na mpaka Jumatano iliyopita sikuwahi kumwamini. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mzee wa baraka. Dresa ni jina la zamani la mhudumu wa zahanati, yule anayefunga vidonda na kudunga sindano, na hapa kwetu Nyololo hakuna aliyemwita vingine, hata mchungaji. Alikozaliwa na ukoo wake havinihusu. Kwangu mimi mtu huyu alianza siku aliyoingia uani kwetu na sweta la kaka yangu mkononi.

Mimi nauza viazi mviringo barabarani. Miaka thelathini nimebishana na wanunuzi wa lumbesa, wale wanaojaza gunia mpaka linaota kichwa halafu wanakwambia ni gunia moja tu, mama. Sura ya mtu anayeficha kitu naijua. Hatazami mizani, hakutazami usoni, anatazama viazi. Dresa siku ile alitazama mahindi.

Kaka yangu alichukuliwa wakati wa vita vya Kagera. Hakupewa bunduki kwanza, alipewa machela. Walimweka kwenye kikosi cha tiba, wale wa kubeba majeruhi, wakapelekwa kaskazini kufanya mazoezi ya kutembea milimani kabla ya kuvuka mto kwenda vitani. Hakuvuka. Ilikuja barua kwamba amefariki kwa maradhi ya ghafla akiwa mazoezini na amezikwa hukohuko. Miezi mingi baadaye akaja huyu bwana, akasema walikuwa pamoja. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Alipokea sweta, akalikunja mapajani, akauliza mwanawe alikufaje.

"Hakuteseka, mama," akajibu.

Mama akamuuliza amejuaje. Akasema alikuwepo. Akamuuliza alikufa mikononi mwa nani, na hapo ndipo bwana alipoyatazama mahindi kana kwamba ameambiwa ayahesabu. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa kizingitini, niliona kila kitu.

Usharika wetu una desturi. Jumapili moja baada ya mavuno, majina ya marehemu husomwa madhabahuni, na aliyefiwa husimama jina la mtu wake likitajwa. Mama hajawahi kukubali jina la kaka lisomwe. Wachungaji watano wamepita hapa, wote wamembembeleza, jibu lake ni lilelile. "Siwezi kumkabidhi kwa Mungu mtu nisiyejua nilimpotezaje." Sasa amevuka miaka themanini na tano, kifua kinambana kila baridi ya mwezi wa sita inapoingia, na mwaka huu ameniambia waziwazi kwamba anataka kujua kabla hajaondoka. Aliponiambia vile nilijua nani wa kumfuata, maana hakukuwa na mwingine.

Lakini nirudi nyuma kidogo, ili mjue ni mtu wa namna gani.

Kwanza, alibaki. Hilo ndilo lililonipa shaka kuliko yote. Mtu ana kwao upande wa Njombe, ana shamba na ndugu, analeta sweta la marehemu, anapewa ugali, anashukuru, halafu haondoki! Akaomba kazi zahanati ya hapa, akapata, akajenga nyumba mita mia mbili kutoka kwetu. Watu wakamsifu kwamba ana moyo wa kumtunza mama wa mwenzake. Mimi nilisema mtu haachi kwao bure. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wazee walivyosema, na huyu tulikuwa tumemvaa wenyewe.

Na kweli alitunza. Kila mwaka alilima robo eka ya mama kabla ya kulima shamba lake. Bati likivuja, yeye yuko juu. Kuni alikuwa anazipasua na kuzipanga ukutani kwa kimo kimoja, kama dawa kwenye kabati. Nikimwambia mama kwamba wema wa hivi una jambo nyuma yake, mama alikuwa anaguna. "Kuni zake nazipokea," alinijibu siku moja. "Neno lake ndilo sijapokea."

Kutembea kwake kulikuwa kituko. Zahanati ilimpa baiskeli ya kwenda kuchanja watoto vijijini, ikaota kutu ukutani. Alikwenda kwa miguu, koti refu la jeshi mwilini hata jua likiwaka, dakika hamsini mwendo na dakika kumi pumziko, saa mkononi. Ukipishana naye kwenye pumziko utamkuta amelala chali kando ya njia, miguu ameiweka juu ya kisiki, viatu amevua, anakagua vidole kimoja kimoja. "Miguu kwanza, njaa baadaye," alikuwa anasema. Wageni walidhani ni kichaa. Sisi tulishazoea, tukawa tunamsalimia hivyohivyo, kamwene Dresa, naye anajibu kamwene akiwa amelala.

Alikuwa mtu wa shaka kunizidi mimi, na hilo si jambo dogo. Pale zahanati ukisema umepona, hakuamini. Ukisema unaumwa, hakuamini pia. Atakuuliza jina lako, na anakujua. Atakuuliza jina la mama yako, naye amekula kwake jana. Atakuuliza leo umekula nini, halafu atakubana ndani ya sikio kwa kucha mpaka upige kelele, na ukipiga kelele ndipo anatulia. Wanawake walikuwa wanalalamika kwamba wanatoka zahanati na masikio mekundu. Kuna mama mmoja alileta mtoto wa miaka miwili, mtoto kimya, mpole begani. Wenzake kwenye foleni wakasema hee, una bahati, mtoto hasumbui huyu, ana adabu. Dresa alitoka ndani kama aliyechomwa na moto, akamnyakua mtoto, akawaambia wale kina mama kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia, "Mgonjwa hasifiwi!" Mtoto alikuwa na malaria kali. Aliwahiwa, akapona, leo ni fundi wa pikipiki pale stendi. Msemo ule aliurudia miaka yote, na sikuuelewa. Nilidhani ni majivuno ya watu wa dawa.

Kanisani ilikuwa aibu. Mzee akisinzia kwenye mahubiri, na kwa baridi ile na makoti yale nani hasinzii, Dresa aliinuka benchi lake, akavuka watu, akamtikisa. Mchungaji alimwita ofisini akamwambia waache wazee wapumzike, Bwana naye alilala mashuani. Jumapili iliyofuata akamtikisa mzee mwingine.

Misibani ilikuwa mbaya zaidi. Kabla jeneza halijafungwa alikuwa anasogea mbele, anasema, "Msifunge kwanza," anaweka vidole viwili shingoni mwa marehemu, anasubiri. Mtu ameshakufa siku mbili, ameletwa na gari kutoka hospitali Mbeya, ana karatasi, yeye anasubiri. Jamani, hebu fikirieni wafiwa! Maneno yakaanza. Wengine walisema anachukua kitu kwa maiti. Wengine walisema ndivyo wachawi wa huko alikotoka wanavyoagana. Mimi sikusema ni mchawi, ila nilipoulizwa sikukataa pia, na hilo ni langu, nitalijibu mwenyewe. Lisemwalo lipo, nilikuwa nasema, kama halipo laja.

Shule ya msingi ilimwomba afundishe watoto huduma ya kwanza. Hapo ndipo tulipoona kidogo walichokuwa wanafanya kaskazini. Aliwatengenezea machela kwa miti miwili na magunia mawili, akawapandisha vilima vya nyuma ya mashamba ya chai, wanne wanabeba, wanne wanapokezana kila hatua mia. Watoto wamezoea gwaride, kushoto kulia, yeye akawa anawapigia kelele wasitembee pamoja. Askari hutembea pamoja, alisema, wabeba machela hutembea ovyo, kila mtu na mguu wake, maana mkikanyaga pamoja machela inabembea na mgonjwa anatapika. Iliwachukua wiki tatu kujifunza kutembea ovyo. Alisema wao kule iliwachukua mwezi, na mlimani walikuwa wanarudishwa chini waanze upya kila walipokosea. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema juu ya kule.

Na juu ya machela ile hakupanda mtoto hata mmoja. Alibebesha gunia la udongo na maboga. Watoto walimsihi, maana nani hapendi kubebwa, akakataa. Siku moja binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, mtundu kuliko mama yake, alimwaga maboga akalala mwenyewe, akafumba macho, akalegeza mikono ikaning'inia. Wenzake wakacheka. Dresa alipogeuka akamwona, hakucheka wala hakugomba. Alimrukia, akamtikisa, akampiga kofi, akambana sikio mpaka likatoa damu, anamwuliza jina la mama yake. Binti alilia jina langu mpaka koo likakauka.

Nilikwenda kwake na mwiko mkononi, nimetoka jikoni hivyohivyo. Nilitukana. Nilimwambia kama alizoea kuua watoto wa watu huko jeshini, huyu wangu ana mama na mama yake yuko macho. Alisimama mlangoni ananisikiliza. Nilipomaliza aliniuliza kama mtoto ana homa, kama amekula, kama alilala vizuri. Samahani hakusema. Nikamwuliza basi, papo hapo, kwa sauti ya majirani wote kusikia, kama alimdunga kaka yangu sindano mbaya.

"Sikumdunga kitu, mdogo wangu," akasema. "Heri ningemdunga."

Kuniita mdogo wake kuliniudhi kuliko jibu lenyewe. Nililibeba jibu lile nyumbani nikaligeuzageuza miaka ishirini. Heri angemdunga. Maana yake nini? Kwamba alikuwa na dawa akamnyima? Nilishajenga kesi nzima kichwani, na mashahidi.

Halafu kulikuwa na lile la mto. Kilabuni kwetu, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, waliopigana vita walikuwa wanakaa upande wa jua wakisimulia, kila mwaka adui anaongezeka. Dresa alikuwa mzee wa kanisa na ulanzi alikunywa kwa kujificha nyuma ya kilabu, kama hatumwoni. Simulizi zikianza alikuwa anabeba bakuli lake anaondoka. Wakaanza kusema hakuwahi kuwa askari, koti alilinunua mnadani. Siku moja dereva wa lori kutoka Iringa, askari mstaafu, alimbana mbele za watu, ulikuwa wapi tulipovuka mto? Dresa akamjibu taratibu kwamba hakuvuka. Waliovuka walivuka, yeye aliachwa kambini akipika uji na kuchota maji mpaka wenzake waliporudi. Kilabu kizima kilicheka. Mimi sikucheka. Nilijua askari aliyefundishwa tiba haachwi apike uji wakati wenzake wanatokwa damu, mpaka awe amefanya kitu. Nilikwenda kumwambia mama, mama akasema, "Basi kaulize."

Nilikwenda kuuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikukuu alipokuja kula kwetu, niliuliza. Mkewe alipokufa, nilikaa naye matanga siku tatu, siku ya nne nikauliza, na hilo nalo sijivunii. Kila mara alikuwa anakohoa, anatazama chini, anasema, "Nitakuja kumwambia mama mwenyewe." Lini? "Kesho kesho." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu mno, ndiyo maana wakati mwingine nilichoka, nikadhani labda si mwongo, labda ni mjinga tu. Halafu namwona anapanga kuni za mama kwa kimo kimoja na shaka inarudi.

Mwaka juzi miguu ilimwisha. Mtu aliyetembea kuliko ng'ombe wa mnada, sukari ikamkalia miguuni, vidole viwili vikakatwa. Binti yake ameolewa Chimala, anafanya biashara ya mchele, akaja kumchukua. Aliondoka asubuhi nipo gengeni, hakuaga. Nikamwambia mama, umeona? Amekimbia.

Kwa hiyo Jumatatu ya wiki iliyopita mama alipokohoa damu kidogo kwenye kitambaa, na mchungaji akapita kuchukua majina ya Jumapili ya marehemu, na mama akakataa tena huku anahema, nilifunga genge. Jumatano asubuhi nilipanda basi la kwenda Mbeya nikashuka Chimala. Nilivaa makoti mawili ya Nyololo, nikashuka kwenye jua la Mbarali nikiwa natoka jasho kama niliyeiba. Nyumba ya binti yake si ya kuuliza mara mbili. Uani wametandaza maturubai, mpunga umeanikwa, na mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati, miguu imefungwa bandeji, fimbo ndefu mkononi ya kufukuzia kuku.

Nilimpa shikamoo, nikakataa soda. Nilimwambia mama anakohoa damu na Jumapili majina yanasomwa. Nikamwambia sitaondoka hapa na kesho nyingine.

Aliwafukuza kuku kwanza kwa ile fimbo. Kisha akaniuliza kama najua walivyokuwa wanafanya mazoezi. Nikasema najua, maboga. Akatikisa kichwa.

Huko kaskazini hawakubeba maboga, alisema. Walibebana. Kila siku mmoja wao alikuwa majeruhi wa zamu. Alining'inizwa kadi shingoni imeandikwa jeraha lake, mguu umevunjika, risasi ya tumbo, na akishavaa kadi hakuwa na ruhusa ya kuwa mtu mwingine. Mwenye risasi ya tumbo haruhusiwi kuomba maji. Aliyepoteza fahamu haruhusiwi kusema wala kucheka. Akikosea, kundi zima linarudishwa bondeni kuanza mlima upya, mawe matupu na nyasi zinazokata kama wembe. Kaka yangu alikuwa majeruhi mbaya kuliko wote. Akibebwa anachekacheka, anawatania wabebaji kwamba wananuka. Mara mbili kundi lilirudishwa chini kwa ajili yake. Dresa alikuwa koplo, mkubwa wa kundi, na yeye ndiye aliyepanga zamu.

"Asubuhi ile aliniambia kichwa kinamuuma," akasema. "Zamu haikuwa yake. Nikamhurumia, mdogo wangu. Nikamwambia leo panda wewe, upumzike. Nikamtafutia kadi nzuri, ya aliyepoteza fahamu, ili alale tu. Nikamwambia ila leo usituangushe, usicheke."

Wakapanda. Kaka hakucheka. Njiani akaanza kutetemeka, na wabebaji wakasema leo amejua, leo hata degedege analo. Akatapika kidogo, wakalaumiana wenyewe kwa wenyewe, ni ninyi mnakanyaga pamoja. Akawa anaongea kwa lugha ya nyumbani. Wabebaji walikuwa watu wa mikoa mingine, hawakuelewa. Aliyeelewa ni yeye Dresa tu, maana Kibena chake na Kihehe chetu ni kama ndugu wa tumbo moja.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, mama, nifunike."

Jua la saa sita, alisema, mawe yanawaka, na yeye anaomba kufunikwa. Dresa alidhani ni mzaha, kwamba anaigiza baridi ya kwetu Mufindi. Alimwinamia akamwambia kwa Kiswahili, nyamaza, tumekaribia. Kileleni afisa alikuwa anakagua. Akamtazama kaka, mikono imelegea, mate mdomoni, akasema huyu sasa ndiye majeruhi, wote mjifunze kwake. Kundi lilikuwa halijawahi kusifiwa. Dresa akawaamuru wapige makofi, na yeye akapiga. Kisha wakamweka kivulini, wakapumzika dakika kumi zao, wakavua viatu, wakakagua miguu. Dakika zilipokwisha alimwita, zamu imekwisha, amka. Hakuamka. Wakacheka tena, kwamba leo kazidisha. Alimwita mara tatu kabla ya kumgusa.

Hakuvuka mto kwa sababu hiyo. Walimvua cheo wakamwacha kambini. Na alipokuja kwetu na sweta alikuwa amekuja kusema yote, alisema, maneno ameyapanga njia nzima. Akamkuta mama anapukuchua mahindi, akapewa ugali, akashindwa. Akasema atasema kesho.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, fimbo ya kuku ilikuwa karibu. Ningefurahi angekuwa amemdunga sindano mbaya, ningefurahi angekuwa amemwibia, kuliko hili la kumhurumia. Badala yake nilitoa simu nikapiga nyumbani. Binti yangu akampa mama simu yake ya kitochi. Nikaweka sauti ya nje, nikamwekea mzee simu mapajani, nikamwambia, "Mwambie mwenyewe. Leo."

Akamwambia, kwa lugha ya nyumbani, tangu kichwa kilipouma. Hakuruka kitu. Nilikuwa namsikiliza kama ninavyomsikiliza mnunuzi wa lumbesa, nasubiri mahali atakapopunguza. Alifika kwenye lile la kufunikwa, akasimama, nikasikia kifua cha mama kinavyokoroma kwenye simu.

"Ulimfunika?" mama akauliza.

Mama yangu hakuwepo kule. Hakuna aliyebaki wa kumkosoa. Neno moja tu, ndiyo, lingempa usingizi, na nani angejua? Nilimwona analifikiria.

"Sikumfunika, mama. Nilimpigia makofi."

Binti wa mzee alikuwa ametoka jikoni na sinia, akasimama nalo. Kisha mama akasema, taratibu, kwamba angesema alimfunika asingemwamini, lakini hilo la makofi hakuna mtu angeweza kulitunga. Akasema Jumapili jina la mwanawe lisomwe. Akapumua kwanza, halafu akamalizia.

"Na wewe uje usimame na mimi. Kama miguu imeisha, watakubeba."

Mzee alianza kulia mdomo wazi, bila sauti, simu bado mapajani. Binti yake hakujua ashike sinia au amshike baba. Kuku walikuwa wameingia turubai zima na fimbo ilikuwa imeanguka chini, nikaiokota. Nilikuwa nimekuja kumtafuta aliyemuua kaka yangu, nikampata, na sasa nilikuwa namfukuzia kuku kwenye mpunga wake.